Namna ya Kutabiri Mvua ya Masisi Bila Kuaibika

Sogea karibu, ndugu yangu, maneno haya yabaki kati yetu. Unajua jinsi anavyoheshimiwa mtu wa kuulizwa habari za mvua. Mama mwenye maharagi ya kuanika anamwuliza. Dereva wa Fuso anayepanda kutoka Sake anamwuliza. Baba mwenye arusi ya Jumamosi anamtumia hata pombe. Heshima hiyo unaitamani, na si kosa kuitamani. Msimu ndio huu wa Machi hadi Mei, anga haitulii: asubuhi jua, mchana mvua ya mawe, jioni ukungu. Fuata hatua zangu, utaipata.

1. Sema itanyesha. Ukiulizwa katika mwezi wa Aprili, usikune kichwa. Jibu: "Itanyesha." Masisi yetu ya Kivu Kaskazini, huku Kongo, iko kusini kidogo mwa ikweta, na karibu na tarehe 21 Machi jua hupita juu ya ikweta likielekea kaskazini. Pepo za pande mbili hukutana huku kwetu, na hewa yenye unyevu kutoka msitu wa Kongo hugonga milima, ikapanda, ikapoa, ikamwaga maji. Mwenye kusema "itanyesha" kila siku ya Aprili atapata mara nyingi kuliko atakavyokosa. Ukiwa Walikale, ndani ya msitu huohuo, kazi ni nyepesi zaidi, maana hunyeshewa karibu mwaka mzima.

2. Taja saa. Hapa ndipo watu wanapoanza kukuamini. Milimani, jua la asubuhi hupasha udongo joto, hewa hupanda, mawingu hujengeka, na kwa kawaida mvua huanguka mchana au jioni. Basi waambie: "Fueni mapema, saa sita muwe mmeanua." Mvua isipokuja, nguo zimekauka na hakuna atakayekudai.

3. Iba kwa jirani. Kituo cha tabianchi cha ICPAC, kilichoko Nairobi, hutoa utabiri wa masika kabla msimu haujaanza. Kinahudumia nchi 11, na Kongo haimo. Rwanda na Uganda zimo. Wewe itazame ramani yao mpaka ukingoni, pale Rubavu ya Rwanda na Kisoro ya Uganda, kisha vuka mpaka kwa macho. Shirika letu la hali ya hewa, METTELSAT, makao yake ni Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka Goma. Jirani yuko karibu zaidi.

Ukishaiba ramani, iba na lugha. Wataalamu hugawa msimu katika mafungu matatu: mvua juu ya wastani, ya wastani, na chini ya wastani, kila fungu na asilimia yake. Hawasemi "mvua itazidi". Wanasema uwezekano wa kuzidi ni, tuseme, asilimia 45. Ikikosa kuzidi, zile 55 zinakutetea. Na si hila tupu: huo ndio ukweli wote ambao mtu anaweza kuusema juu ya miezi mitatu ijayo. Mwenye kukuahidi zaidi ya hapo anakuuzia kitu.

4. Kwa mkulima, punguza hasara kwa nusu. Mkulima wa msimu huu hataki asilimia, anataka siku ya kupanda. Usimpe. Mvua za kwanza hulaghai: zinanyesha mara mbili tatu, maharagi yanaota, halafu anga inafunga na miche inakauka. Mwambie afukue kwa jembe. Unyevu ukiwa juu juu tu, asubiri. Ukiwa umeshuka chini, apande nusu ya mbegu, nusu aiweke ndani mpaka mvua irudi tena. Ukikosea, umekosea nusu, na nusu ya pili itakusafisha jina. Mwambie hivyo hata kama hujali jina lako, kwa sababu mbegu iliyopotea shambani hainunuliki tena mwezi wa nne, bei ikiwa imepanda.

5. Hesabu radi mbele za watu. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha orodha ya mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani, kwa vipimo vya setilaiti. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza, Kabare ya Kivu Kusini ya pili. Sake, mlango wetu wa Masisi, ilikuwa ya tano ulimwenguni: miale kama 143 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Tumia bahati hiyo. Mwale ukimulika, hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawanya kwa tatu, kisha tangaza kwa sauti: "Kilometa kumi na mbili!" Watoto watakushangaa. Hesabu ikishuka chini ya sekunde 30, acha maonyesho, watoe watu chini ya miti na juu ya vilele, ingieni nyumbani.

6. Tabiri barabara. Kati ya Sake, Masisi na Walikale, mvua ya jana ina nguvu kuliko ya leo. Msafiri akikuuliza atafika lini, jibu: "Utafika." Mshauri abebe chakula na shitingi. Potopoto ikishika Fuso mbili zikitazamana, hata chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea makaa, haipiti.

7. Kwenye miteremko, acha kujilinda. Mpaka hapa nimekufundisha kukwepa aibu. Sasa nakuomba uitafute. Aprili 2023, hapa Masisi, mlima uliporomoka ukawafunika wanawake na watoto waliokuwa wakifua chini yake. Tarehe 4 Mei mwaka huohuo, siku ya Alhamisi, mafuriko na matope yalishuka Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe kando ya Ziwa Kivu, yakaua zaidi ya watu 400. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Milima yetu ni mikali, miti imekatwa, na watu wamejenga mahali walipopata. Udongo ukishashiba maji, mvua moja tu inatosha.

Kwa hiyo huku tabiri kupita kiasi. Hakuna asilimia, hakuna "labda". Ukiona ufa mpya kwenye udongo juu ya nyumba, miti imeanza kuinama, au kijito kimegeuka matope ghafla, au kimepungua huku mvua bado inanyesha, piga kelele. Watoe watu. Mlima usiposhuka watakucheka asubuhi, watakuita mwoga, na yule baba wa arusi atakunyima pombe. Kubali. Wiki ijayo piga kelele tena, kwa sauti ileile.

Na Aprili hii, mvua ikishika usiku bila kuachia, usingoje kuulizwa. Chukua tochi, anza na nyumba iliyo chini kabisa ya mteremko, bisha hodi, uwapandishe na watoto wao waje walale kwako.