Misingi ya Kandolojia: Mhadhara kwa Anayekusudia Kukandwa

Mwanafunzi mpendwa, funga mlango, zima redio, kaa wima. Unaingia katika taaluma ambayo wanadamu wameihitaji tangu mgongo wa kwanza ulipouma. Taaluma hiyo ni Kandolojia, yaani elimu ya kukandwa na mtu aliyefunzwa, kwa malipo, juu ya kitanda chenye tundu la uso. Wapo wanaodhani jambo hili ni la kupiga simu na kwenda kulala. Hao ndio wanaotoka chumbani wakichechemea huku wakishukuru.

1. Fasili za awali

1.1 Mkandwa ni kiumbe hai, aliyelala, aliyelipa au anayetarajiwa kulipa. Masharti yote matatu yatimie kwa pamoja. Aliyelala bila kulipa ni mgeni. Aliyelipa bila kulala ni mfadhili.

1.2 Mkandaji ni mtu aliyesomea mwili wa mwenzake na anayeuliza kabla ya kuushika. Asichanganywe na shangazi, ambaye hukuchua mguu ulioteguka kwa mafuta ya nazi huku akikuuliza utaoa lini. Shangazi hashauriwi wala hakatiwi rufaa, kwa hiyo yuko nje ya mipaka ya mhadhara huu.

1.3 Kikao ni muda wote ambao Mkandaji na Mkandwa wanajifanya kwamba ukimya uliopo ni wa kawaida.

2. Nasaba ya taaluma

Masaji inayojulikana na wengi kuwa ya Kiswidi imebebeshwa jina la Pehr Henrik Ling, aliyeanzisha taasisi ya mazoezi ya viungo jijini Stockholm mwaka 1813. Lakini aliyepanga mienendo yake mikuu, yaani kupapasa, kukanda, kusugua na kupigapiga, na kuipa majina ya Kifaransa, anatajwa kuwa daktari Mholanzi, Johann Georg Mezger (1838–1909). Kwa hiyo Mswidi alipata sifa, Mfaransa akapata msamiati, Mholanzi akabaki na kazi. Tafakari dhuluma hiyo kabla ya kuendelea.

Kwetu, Unguja ilikuwa na hamamu za Kidichi tangu mwaka 1850, enzi ya Sayyid Said, kisha zile za Hamamni, Mji Mkongwe, zilizojengwa wakati wa Sultan Barghash (1870–1888). Leo zote ni za kutazamwa tu. Mwanafunzi asipoteze vocha kupiga simu huko kuomba nafasi ya Jumamosi.

3. Ainisho la mikando

Kabla ya kuweka nafasi, jua unaomba nini. Sayansi inatambua mikando mitano.

3.1 Mkando-laini, ndiyo hiyo ya Kiswidi. Hutumia mafuta na mikono inayoteleza kwa mapana. Anayeanza aanzie hapa.

3.2 Mkando-kina. Hutumia kidole gumba, ngumi na, katika hatua ya juu ya kinadharia, kiwiko. Hulenga misuli iliyokaza. Maumivu madogo ya siku moja au mbili baadaye ni ya kawaida; maumivu yanayokutoa machozi kitandani si ya kawaida.

3.3 Mkando-mkunjo, wa Kithai. Hauna mafuta, unavaa nguo pana, unalala kwenye godoro jembamba sakafuni, kisha unavutwa na kukunjwa. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2019. Huu ni urithi usioshikika unaokushika mguu wote mpaka kwenye nyonga.

3.4 Mkando-uwanja, milki ya mchua misuli wa timu ya mpira. Ni wa haraka na hauna muziki wa maji yanayotiririka. Huyu ndiye Mkandaji pekee anayefanya kazi mbele ya watu wanaozomea.

3.5 Mkando-singo. Mawaridi, asumini na liwa husuguliwa mwilini mwa mwali wa Kizanzibari kabla ya harusi. Kitaalamu huku ni kusinga, si kukanda. Anayekwenda kwenye singo akitarajia kiuno kipone atatoka na kiuno kilekile, ila kinanukia.

4. Maswali ya kupiga simu

Swali la kwanza linahusu muda. Kandolojia inatofautisha dakika-mlango (unapoingia), dakika-kifungo (unapovua shati) na dakika-mkono (mkono unapogusa mgongo). Ukiambiwa "dakika sitini", uliza ni zipi. Dakika-mkono pekee ndizo zenye thamani sokoni. Fika mapema kidogo, kwa kuwa aliyechelewa hula muda wake mwenyewe, na bei haipungui.

Swali la pili: Mkandaji amesomea wapi, na ni mwanamke au mwanamume? Ni haki yako kujua na kuchagua. Anayeona aibu kuuliza kwa simu ataona aibu kubwa zaidi akiwa amelala kifudifudi.

Swali la tatu: mafuta gani? Mwenye mzio wa lozi au karanga aseme mapema. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza ngozi. Lazima yazimuliwe katika mafuta mengine, kama ya nazi.

Swali la nne: malipo ya awali yanarudi nikiahirisha? Jibu likianza na kicheko, usitume pesa.

5. Vizuizi

Hapa, mwanafunzi, weka kalamu chini usikilize.

5.1 Vizuizi-kamili. Ukiwa na homa, jeraha bichi, upele wa kuambukiza au mfupa uliovunjika, usiende. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na wenye maumivu, hasa baada ya safari ndefu au kulazwa, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kuukanda kunaweza kulisukuma bonge hilo hadi kwenye mapafu. Huo ni mguu wa kupelekwa hospitali, tena leo.

5.2 Vizuizi-sharti. Mjamzito, mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye mifupa dhaifu na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande wamwone daktari kwanza, kisha wamweleze Mkandaji bila kuficha. Mjamzito atafute Mkandaji aliyesomea hali yake, naye atalazwa ubavu.

5.3 Kizuizi-pilau. Usilalie tumbo lililotoka kula sinia. Pisha saa moja au mbili.

5.4 Uzushi wa sumu. Ukiambiwa kwamba mkando utakutoa sumu mwilini, itikia kwa heshima, lakini ujue kwamba kazi hiyo ina wenyewe, nao ni ini na figo. Hawajaomba msaada.

6. Nadharia ya uvuanguo

Uvuanguo una daraja tatu. Uvuanguo-kamili ni wa asiye na hofu. Uvuanguo-nusu ni wa aliyebaki na chupi, na ni wa watu wengi. Uvuanguo-falsafa ni wa yule anayelala na suruali, mkanda na funguo za gari, akisubiri kupumzika. Suala la soksi bado linawagawa wataalamu, na mimi sitalitolea hukumu hapa.

Kanuni yenyewe ni fupi: vua mpaka pale moyo wako unapotulia. Mkandaji wa kweli hutoka nje ukibadilisha, hukufunika shuka, kisha hufunua kiungo kimoja tu anachokishughulikia. Shuka ni mpaka wa kimataifa. Sehemu za siri hazimo katika mtaala, kwa upande wowote, kwa bei yoyote. Anayeuvuka mpaka huo, awe Mkandaji au Mkandwa, amevunja kikao, na mwenzake ana haki ya kukikatisha papo hapo.

7. Mgunolojia linganishi

Sasa tumefika kwenye kiini. Mkandaji haoni uso wako, maana umo tunduni ukitazama ndara zake. Anachopata kutoka kwako ni mguno. Nao mguno, mwanafunzi, una aina tatu, na ustaarabu wetu umezichanganya kwa hasara kubwa.

7.1 Mguno-raha. Ni pumzi ndefu itokayo puani, mabega yakishuka. Hauhitaji maelezo. Ukikomaa huwa mkoromo, ambao ni sifa kwa Mkandaji wala si kosa la Mkandwa.

7.2 Mguno-adabu. Ni sauti fupi, ya juu kidogo, itolewayo na mtu aliyeulizwa "Nguvu iko sawa?" naye akaona vibaya kumsumbua mwenzake kazini. Hutamkwa meno yakiwa yameumana. Ndio mguno wa hatari kuliko yote, kwa sababu sikioni unafanana na 7.1 na mwilini ni binamu wa 7.3.

7.3 Mguno-ukomo. Huu kwa kawaida hausikiki. Pumzi hukatika, ngumi hufumbwa, vidole vya miguu hukunjwa kama kucha za kuku. Mkandaji hodari huisoma miguu kuliko anavyosikiliza kinywa, lakini usiweke mustakabali wa mgongo wako mikononi mwa msomaji wa vidole.

Swali la utafiti: kwa nini mtu anayebishana na kondakta kwa ajili ya shilingi mia ananyamaza kimya anapokandamizwa uti wa mgongo kwa kiwiko, tena kwa fedha yake? Kandolojia inajibu: kwa sababu amefunzwa kwamba mgeni halalamiki. Lakini turejee fasili 1.1. Wewe si mgeni, umelipa.

8. Hitimisho na zoezi

Usalama wa mkando wote, kuanzia chaguo la aina mpaka mafuta, mguu uliovimba na shuka, unategemea taarifa ambazo unazo wewe peke yako. Mkandaji hawezi kuziotea. Kwa hiyo nahukumu kwamba kifaa kikuu cha taaluma hii ni kinywa cha Mkandwa, na kwamba heshima isiyosema ndiyo chanzo cha wengi kuchechemea.

Zoezi la nyumbani: simama mbele ya kioo, tamka kwa sauti ya kawaida, bila kuomba radhi, "Punguza hapo, panauma." Rudia mpaka uso usibadilike. Ukifaulu, piga simu uweke nafasi. Usipofaulu, nenda kwa shangazi.