Vioo Vina Adabu

Wenzetu wa Dar es Salaam wanasemwa kwamba majengo yao mapya ya umma hayaendani na mji mkongwe. Uzushi huo. Pale Sokoine Drive, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, walilolijenga wamisionari wa Kijerumani kati ya 1897 na 1902, limepata jirani wa ghorofa nyingi: mnara wa Mamlaka ya Bandari, uliovaa vioo. Vikifutwa vizuri, kanisa litajitazama humo kama bibi harusi. Urithi wenyewe unazidishwa mara mbili! Hata jua limeheshimiwa: linakaribishwa kwa kioo, kisha kiyoyozi kinalipwa kulitoa.

Sisi wa Ihembe, huku Karagwe, tunajifunza polepole. Wazee wetu walijenga misonge, nyasi hadi chini, baridi ikabaki nje. Mvumbuzi Mwingereza Speke alipofika kwa mfalme wetu, Mukama Rumanyika, mwaka 1861 hakukuta gipsam hata kipande. Ushamba mtupu! Siku hizi ofisi ya umma inashuka na ramani yake, ileile ya kila wilaya: bati la msauzi, madirisha ya aluminiamu, na vigae vya barazani vinavyokuangusha mvua ikinyesha. Ukisinzia kwenye basi ukaamkia mbele yake, hujui kama uko Karagwe au Kondoa.

Tusiwalaumu wachora ramani. Ili jengo liendane na majirani, lazima mtu afike kwanza awaone hao majirani, na posho ya safari hiyo haikutengwa.