Heko, Kishona Nguo

Waridi limeimbiwa mpaka limeota kiburi. Tausi anafugwa Ikulu, analindwa na askari. Mbuyu una mizimu yake, na hata mwiba, pamoja na ubaya wake wote, umepata nafasi katika misemo ya wahenga. Kishona nguo hakijatungiwa hata ubeti mmoja. Leo nasimama kulilipa deni hilo kwa niaba ya umma, na suruali yangu ni shahidi.

Sifa ndogondogo nizipitie haraka. Majani yake machanga ni mboga: yachemshe, yaunge kwa karanga, ugali utashuka wenyewe. Hakidai mbolea wala ruzuku. Hakibagui, kwani suruali ya mtumba na ya dukani kwake zote ni usafiri. Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alirudi matembezini akakuta mbegu za mmea mwingine wenye tabia hiyohiyo zimeng'ang'ania manyoya ya mbwa wake. Akazitazama kwa hadubini, na humo akapata wazo la ule mkanda wa kubandika na kubandua tunaofungia viatu vya watoto. Sisi tuliosumbuka kuliko yeye hatukuvumbua kitu, ila matusi tuliyatunga vizuri.

Sifa yake kuu ni kusafiri. Kishona nguo tunachopalilia nyumbani asili yake ni Amerika ya kitropiki, na kimeenea nusu ya dunia kwa kudandia: nguo za watu, manyoya ya mifugo, magunia ya nafaka. Mbegu yake ina meno mawili au matatu nchani, na kila jino lina vimiiba vilivyogeukia nyuma, hivyo kuingia ni rahisi, kutoka ni kesi. Mmea mmoja huzaa maelfu ya mbegu, zote abiria, zote zimeshajipanga kituoni, nauli hazina. Hazikuulizwa zinakwenda kwa nani. Hazikuombwa barua ya mwaliko. Hazikuwekwa vidole kwenye mashine, hazikupigwa picha zikiambiwa zisitabasamu. Zilivuka bahari, zikashuka, zikaota, zikazaa, na mpaka leo hazijawahi kuulizwa zitarudi lini. Nioneshe shamba la mahindi kwetu lisilozijua.

Ndugu yake nilikutana naye Washington. Klabu yetu ya matembezi ilitoka Septemba moja kufuata kijito cha Rock Creek, ndani ya hifadhi iliyotengwa tangu 1890, majani yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kugeuka manjano. Kiongozi wetu, mama wa makamo mwenye fimbo mbili na filimbi shingoni, alitusomea masharti: mbwa wafungwe kamba, njia isiachwe, maji yasiingiwe, kwani kuogelea kumepigwa marufuku tangu 1971, maana mvua kubwa ikinyesha, majitaka humwagika humo. Tukatii yote. Lakini njia ilipita kwenye tope la ukingoni, na hapo ndipo Bidens frondosa, mzawa wa huko, anapopenda kukaa. Tulitokea upande wa pili tumebandikwa mbegu bapa za kahawia kuanzia vifundoni hadi mapajani. Wenzangu walilalamika. Mimi niliguswa: hatimaye kitu katika nchi ile kimenishika bila kuniomba kitambulisho.

Hifadhini mna benchi la mawe lililowekwa 1936 kumkumbuka Jules Jusserand, balozi wa Ufaransa, ambaye Rais Theodore Roosevelt alikuwa akimkokota vichakani humo, miamba wapande, maji wavuke. Ni nadra balozi kujengewa benchi kwa kukubali kuchafuka. Nilipofikia kuwaza mabalozi, huku nang'oa mbegu mojamoja kwa kucha, mzaha uliniishia.

Maana mama yangu hajaiona Rock Creek. Ni mwalimu mstaafu, mtunza hazina wa vikoba, ana migomba yake na ng'ombe wawili, mmoja anakaribia kuzaa. Aliomba viza aje wiki tatu amwone mjukuu. Alivaa kitenge kipya, akabeba hati ya shamba na taarifa ya benki ndani ya bahasha ya kaki. Dirishani, mahali nisipopataja, aliulizwa maswali mawili, bahasha haikufunguliwa, akapewa karatasi, aliyefuata akaitwa. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1952, kifungu cha 214(b), inamhesabu mwombaji wa viza ya matembezi kuwa ni mhamiaji mpaka athibitishe vinginevyo. Yaani mama yangu, kwa mujibu wa sheria, ni kishona nguo: akigusa tu, habanduki. Na ng'ombe nani atamkamulia? Hilo halikuulizwa. Ada ni dola 185, hairudishwi. Rufaa hakuna, anayetaka huomba upya, na hulipa upya.

Kijito cha Rock Creek humwaga maji yake katika mto Potomac, mwendo mfupi tu kutoka yalipo makao ya wizara inayosimamia viza. Kwa hiyo, waheshimiwa, mkipata nafasi Jumamosi, klabu yetu hutoka saa mbili asubuhi, na wageni hawaulizwi kitu. Mama ameshaomba tena na ameshalipa tena. Bahasha ni ileile ya kaki, na hati ya shamba safari hii ameiweka juu kabisa. Tafadhalini, ifungueni.