Umenunua Riwaya ya Falsafa? Pitia Hapa Kabla Hujawasha Kamera

Hongera sana, ndugu mtayarishaji. Umelipia haki ya kutengeneza filamu kutokana na riwaya ambayo wengi wanayo kabatini na wachache wameifikisha mwisho. Ina kurasa zaidi ya elfu moja. Wahusika wake wakikutana mlangoni hawaulizani habari za asubuhi, wanahutubiana. Umeshaamua kwamba filamu moja haitatosha, zitakuwa tatu. Kilichobaki ni kupanga kipi kitangulie na kipi kisubiri. Usijisumbue kubuni njia mpya. Yupo aliyekwishapita, na mashimo aliyoangukia bado hayajafukiwa, kwa hiyo huwezi kupotea.

Riwaya yenyewe ni Atlas Shrugged ya Ayn Rand, mzaliwa wa Saint Petersburg aliyehamia Marekani mwaka 1926 na kuichapisha huko mwaka 1957. Kwa ambaye hajaifungua: ni kisa cha mgomo, ila wanaogoma si makuli, ni matajiri. Wenye viwanda, wavumbuzi na wenye mabenki wanatoweka mmoja mmoja, wanajificha kwenye bonde katika milima ya Colorado, na kuiacha nchi ijionee itakavyokuwa bila wao. Hoja ya mwandishi ni kwamba mtu kuishi kwa maslahi yake ndiyo maadili, na kujitoa mhanga kwa ajili ya wengine ndiyo dhambi. Mimi hoja hiyo hainikai moyoni. Ila treni za Dagny Taggart, yule bibie anayeendesha shirika la reli huku kaka yake akila njama na wanasiasa, nazipenda mno, na nitazirudia.

Kipaumbele cha kwanza ni kalenda. Mfanyabiashara John Aglialoro alizinunua haki za riwaya hiyo mwaka 1992 kwa dola milioni 1. Kisha akangoja. Waandishi wa miswada wakaja, wakaondoka. Waigizaji wenye majina makubwa wakatajwa, Angelina Jolie akiwa mmojawapo, aje awe Dagny. Miaka 18 ikayeyuka. Mwezi Juni 2010, zikiwa zimebaki siku chache tu haki hizo zirudi zilikotoka, kamera zikawashwa kwa haraka ya mpangaji anayehamisha vyombo usiku ili asubuhi mwenye nyumba asimkute. Mwongozaji, Paul Johansson, aliitwa dakika za mwisho. Nawe fanya hivyo hivyo. Mtu akikuuliza umeielewaje riwaya, mwoneshe tarehe iliyo kwenye mkataba. Ukianza mapema unaweza kujikuta unaisoma, na ukiisoma utapata maswali, na mwenye maswali hamalizi ratiba.

Kipaumbele kingine cha kwanza (katika kazi hii vyote ni vya kwanza) ni hotuba. Karibu na mwisho wa kitabu, John Galt, kiongozi wa wagomaji, anaiteka redio ya nchi nzima na kuzungumza kwa saa 3. Kwenye karatasi ni kurasa kama 60 mfululizo. Rand alitumia miaka 2 kuiandika. Mchapishaji wake, Bennett Cerf, alipomsihi aipunguze alikataa katakata, na inasimuliwa kwamba aliridhia kukatwa senti 7 kwa kila nakala ili kufidia karatasi za ziada. Wala hakuwa ameanza siku hiyo. Riwaya yake ya awali, The Fountainhead, ilipotengenezewa filamu mwaka 1949, aliandika mswada mwenyewe na kuhakikisha hotuba ya mahakamani haiguswi. Gary Cooper akasimama pale, akazungumza dakika kadhaa, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

Utaulizwa: mbona kitabuni hotuba ya Galt inasomeka? Jibu la kweli, ambalo usimwambie mwekezaji wako, ni kwamba msomaji ndiye mwenye saa. Akichoka anakunja ukurasa, anakwenda kukoroga uji, anarudi na hasira zake na pingamizi zake, anairudia aya moja mara tatu, anaandika pembeni kwa penseli "uongo!" Ukumbini saa anayo mwongozaji. Mtazamaji hana pa kukunja. Yule wa kwenye skrini anasema, anazidi kusema, na kabla hujaipinga sentensi yake ya kwanza yuko kwenye ya tisa. Hoja iliyonyimwa nafasi ya kupingwa inakuwa kama gari la matangazo: limepita, kelele zimebaki masikioni, na hakuna anayekumbuka mkutano ni wapi na saa ngapi.

Kwenye Sehemu ya Tatu, iliyotoka 2014, zile saa 3 zilifinywa zikawa dakika chache. Nawe ukifinya namna hiyo, wapenzi wa kitabu watasema umewaibia, na wake zao waliokokotwa ukumbini watasema umewachosha. Pande zote mbili zikinuna, tangaza kwamba umeleta uwiano.

Sasa treni. Kuna mahali Dagny anajenga reli kwa chuma kipya ambacho wajuzi wameapa kwamba kitakatika. Siku ya safari ya kwanza anapanda mwenyewe kwenye kichwa cha treni, pamoja na Hank Rearden aliyekibuni chuma hicho, na wanakwenda. Reli ikikatika, watakufa wao na hoja yao. Mtu ambaye hajawahi kusikia neno ubepari, akiwaona wale wawili wamesimama mle ndani daraja likiwakaribia, ameshaelewa Rand anataka nini kwa binadamu. Filamu ya kwanza inayo safari hiyo, na kwa maoni yangu ndizo dakika zake bora. Lakini tahadhari: mambo ya namna hii yanaharibu biashara. Mtazamaji akishaelewa kwa macho, ile hotuba ya Sehemu ya Tatu utamuuzia nani?

Ndiyo maana nakuonya juu ya Sergei Bondarchuk. Huyu alipewa na serikali ya Kisovieti kazi ya kuitengeneza Vita na Amani ya Tolstoy, akatoa filamu ya sehemu 4 kati ya 1966 na 1967, jumla karibu saa 7. Jeshi lilimwazima askari maelfu. Aliongoza yeye, akaigiza yeye nafasi ya Pierre, na katikati ya kazi moyo ukamgomea akalazwa. Tolstoy, kama unavyojua au hujui, anaifunga riwaya yake kwa insha tupu kuhusu nguvu zinazoiendesha historia: hakuna mhusika, hakuna mlango unaofunguliwa, ni mzee na hoja yake. Mtayarishaji mwenye akili kama zako angempa mwigizaji mwenye sauti nzito aisome yote. Bondarchuk akaiacha nje.

Badala yake alifanyaje? Andrei, yule mwanamfalme anayeutaka utukufu wa vita, anaanguka katika pigano la Austerlitz akiwa na bendera mkononi, na kamera inatazama juu pamoja naye. Mbingu tu. Baadaye anapita msituni na kuuona mwaloni mkuukuu uliokauka, anaona kwamba wao wawili wameshamalizana na maisha. Anaporudi njia ileile, mti umejaa majani. Tolstoy aliviandika hivyo vyote, na mtu yeyote mwenye kamera angeweza kuviona. Hapo ndipo ilipo falsafa yake ya kwamba mtu hujidhani anaiendesha dunia, wala haikuhitaji redio. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 1969. Lakini kwa gharama gani? Hakuna mtu aliyetoka ukumbini akiwa na nukuu ya kubandika kwenye fulana.

Wapenzi wa Tolstoy wakikubana sana, watakukumbusha kwamba Tolstoy mwenyewe, katika toleo la mwaka 1873, alizing'oa insha zake kutoka kwenye masimulizi na kuzipeleka nyuma kama kiambatisho, hadi matoleo ya baadaye yalipozirudisha. Jibu: huyo alikuwa mwandishi tu, hakuwa mtayarishaji.

Tuje kwenye waigizaji, mahali ambapo watangulizi wako walifikia upeo wa sanaa. Sehemu ya tatu ya riwaya ya Rand imepewa jina kutokana na kanuni ya mantiki inayohusishwa na Aristotle: A ni A. Kitu ni kile kilicho, hakiwezi kuwa kingine. Ni msingi wa jengo lake lote; ukiutikisa huo, nyumba imelala. Basi katika Sehemu ya Kwanza ya filamu, mwaka 2011, Dagny ni Taylor Schilling. Katika Sehemu ya Pili, mwaka 2012, Dagny ni Samantha Mathis. Katika Sehemu ya Tatu Dagny ni Laura Regan. Rearden naye akawa Grant Bowler, kisha Jason Beghe, kisha Rob Morrow. John Galt wa kwanza alikuwa mwongozaji mwenyewe, Johansson, akipita kama kivuli chini ya kofia. Wa pili na wa tatu ni watu wengine tena. Waongozaji pia wakawa watatu. A ni B, na B ni C, na mtazamaji ni mvumilivu.

Nakuomba usilione hilo kama uzembe. Dagny anamtafuta Galt sehemu kubwa ya kitabu; katika filamu, hata wakikutana, nani anajua kama ndio wenyewe? Filamu zetu za Bongo zilizouzwa kwa diski mbili, sehemu ya kwanza ikikatika pale mlango unapogongwa, zilikosa ujasiri huo: ukiweka diski ya pili, anayegonga ni yuleyule, na wigi ni lilelile. Na Warusi, kama kawaida yao, walizidisha. Ivan Pyryev alifariki mwaka 1968 akiwa katikati ya kuitengeneza Ndugu Karamazov ya Dostoevsky katika sehemu tatu. Waigizaji wake wawili, Mikhail Ulyanov na Kirill Lavrov, wakaimalizia kazi wenyewe. Mwongozaji kafa, nyuso hazikubadilika. Huko ni kukosa ubunifu.

Atatokea mzalendo atakayekushauri uachane na Wamarekani na Warusi, urudi nyumbani kwa Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, uchukue Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991. Kataa kwa upole. Vitabu hivyo ni vyembamba, ukiviweka pamoja havifikii hata unene wa robo ya Rand, na kwa wembamba huo sehemu tatu utazikamua wapi? Humo hakuna harusi wala mirathi, na swali la kwanza la msambazaji litakuwa nani anamuoa nani. Tena Kezilahabi ana tabia moja isiyofaa kabisa kwa filamu yako: anauliza, halafu anakuacha na swali lako njiani. Kipaza sauti utampa nani?

Tarehe ya kuzindua nayo iwe na falsafa. Sehemu ya Kwanza ilitoka tarehe 15 Aprili 2011, kwa sababu 15 Aprili ndiyo siku ambayo Wamarekani kwa kawaida hukamilisha hesabu zao za kodi, na Rand na kodi hawakuwa marafiki. Mwaka huo serikali ilisogeza siku ya mwisho hadi tarehe 18. Hata kwenye uzinduzi wenu serikali inaingilia.

Fedha nitazigusa kidogo, maana wewe unazijua kuliko mimi. Sehemu ya Kwanza, ambayo bajeti yake hutajwa kuwa dola milioni 20, ilipata kumbini chini ya milioni 5. Ya Pili ikapata pungufu ya hapo, na ya Tatu haikufika milioni 1. Kwa wafuasi wa mwandishi aliyefundisha kwamba soko huru ndilo hakimu wa haki, hukumu ilikuwa imesomwa. Mapema tu, baada ya Sehemu ya Kwanza, Aglialoro aliwalaumu wahakiki, akasema mbele ya wanahabari kwamba labda aachane na sehemu zilizobaki, akacheze na wajukuu zake na kugoma. Nakiri hapo nilimpenda. Ndiye mtu pekee katika mradi mzima aliyeiishi riwaya.

Hakugoma. Kwa ajili ya sehemu ya mwisho, mwaka 2013, mradi ulipitisha bakuli mtandaoni kupitia Kickstarter, ukiomba dola 250,000, na watu wakatoa zaidi ya 440,000. Ukiulizwa kama mchango ni sadaka, na kama sadaka si ile dhambi iliyotajwa kitabuni, eleza kwamba mchangiaji ametoa kwa hiari yake na amepata zawadi ya kumbukumbu, hivyo ni biashara. Eleza haraka, kisha badilisha mazungumzo.

La mwisho ni dogo, ni jalada. Novemba 2011 DVD za Sehemu ya Kwanza zilipoingia madukani, maelezo ya nyuma yaliisifu riwaya ya Rand kuwa ni kazi ya ujasiri na kujitoa mhanga. Kujitoa mhanga. Mtu fulani ofisini, pengine Ijumaa jioni, alitafuta maneno mazuri ya kukisifia kitabu, akachukua yale ambayo watu wote hutumia. Kampuni ikaomba radhi, na makaratasi ya jalada zaidi ya 100,000 yakabidi yachapishwe upya. Kwa hiyo unapopanga bajeti, tenga fungu la kumlipa mtu mmoja aliyekisoma kitabu. Si lazima awe mwongozaji. Mkalishe hapo kwenye majalada.