Begi Husomwa na Aliye Nyuma: Majibu kwa Waulizaji Wanne

Barua nne zilizoifikia safu hii zinahusu jambo ambalo wataalamu wa malezi wamelipuuza bila sababu ya msingi, nalo ni mapambo ya ushabiki, yaani vile vitu vidogo vyenye nembo ya timu, sura ya msanii au picha ya katuni ambavyo mwanafunzi huvichoma kwa pini, huvibandika au huvining'iniza kwenye zipu ya begi lake la shule. Ifahamike kwanza kuwa begi la mgongoni ni vazi ambalo mvaaji halioni akishalivaa, na kwa hiyo pambo lake humhusu zaidi anayetembea nyuma. Wanawake wa Pwani waliling'amua hilo zamani, ndiyo maana jina la kanga, yaani yale maneno yaliyochapwa karibu na pindo la chini, hukaa mahali ambapo jirani anayekusudiwa atayasoma vizuri mwenye kanga akishampita.

Muulizaji wa kwanza, mwanafunzi wa kidato cha pili anayeishi Temeke, anaeleza kwamba begi alinunuliwa na mjomba wake ambaye ni Yanga, ilhali nauli ya kila siku hutolewa na baba yake ambaye ni Simba, naye anauliza achome beji ya nani. Shauri hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa klabu ya soka ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na ile ya Simba mwaka 1936, ingawa hii ya pili iliitwa Sunderland hadi ilipobadili jina mwaka 1971, na tangu enzi hizo klabu hizo zimekuwa watani wa jadi, maana yake wapinzani wenye ruhusa ya kuchokozana bila kununiana. Kwa kuwa begi limekwisha kutolewa na haliwezi kudaiwa bila aibu, ilhali nauli huombwa upya kila alfajiri, busara inaelekeza beji nyekundu ya Simba ikae nje, mahali ambapo baba ataiona mtoto anapotoka mlangoni. Hata hivyo mjomba ana haki zake, na asiyezitambua atazitambua siku ya posa. Kwa hiyo afungiwe utepe wa Yanga, wa kijani na njano, ndani ya begi, kwenye mfuko wa kalamu. Utepe huo usitolewe nje ukiwa hauna nembo, kwa sababu rangi hizo ndizo pia za Chama cha Mapinduzi, na mwanafunzi anaweza kujikuta akijibu maswali ya siasa kabla ya kipindi cha kwanza.

Muulizaji huyo akumbuke pia kwamba ndani ya daladala iliyojaa begi huvaliwa kifuani kwa kuogopa vibaka, na hapo beji humtazama abiria mwingine uso kwa uso, umbali usiozidi kiganja. Aliyesafiri na nembo ya Simba asubuhi ya Jumatatu, tarehe 6 Novemba 2023, siku moja baada ya Yanga kuishinda Simba mabao 5 kwa 1, hahitaji kufafanuliwa hoja hii.

Muulizaji wa pili analalamika kwamba alinunua beji yenye picha ya mchezaji aliyempenda, kisha mchezaji huyo akahamia kwa watani, na sasa hajui kama ampindue au amfunike kwa stika. Mambo hayo yana historia: Haruna Niyonzima alitoka Yanga kwenda Simba mwaka 2017, naye Clatous Chama akatoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024. Nembo haisaini mkataba na klabu nyingine, kwa hiyo mwenye fedha za beji moja tu anunue nembo, na sura awaachie wenye akiba.

Muulizaji wa tatu ni mama mmoja wa Mombasa ambaye binti yake amechoma beji nyingi za katuni za Kijapani kwenye begi jipya, na mvua za masika zimeanza kupenya hadi kwenye madaftari. Beji ya aina hiyo ni kipande cha bati cha duara kilichofunikwa karatasi yenye picha na utando angavu juu yake, na nyuma kina pini; umbo lake la kale, lililotumia seluloidi, yaani mojawapo ya plastiki za mwanzo kabisa, lilisajiliwa hataza na kampuni ya Whitehead & Hoag nchini Marekani mwaka 1896, na mwaka huohuo likatumika sana katika kampeni za urais. Pini hutoboa kitambaa pamoja na utando wa ndani unaozuia maji, kisha hushika kutu na kuacha doa lisilotoka kwa sabuni ya kipande. Wajapani wenyewe wanalo begi mahususi liitwalo ita-bagu, neno linalotokana na itai, yaani inauma, kwa kuwa wingi wa mapambo yake huumiza macho, na wengine huongeza kuwa mfuko wa fedha nao huumia. Begi hilo lina mfuko wa plastiki angavu upande wa mbele, na beji huchomwa kwenye kitambaa kinachoingizwa humo. Fundi cherehani yeyote anaweza kushona mfuko wa namna hiyo, na binti akiamriwa na mwalimu wa nidhamu ayaondoe mapambo, atachomoa kitambaa kimoja badala ya kufungua pini moja moja mbele ya darasa.

Muulizaji wa nne hana timu, hana msanii, na anachotaka ni kusoma kwa amani. Huyo anashauriwa achome beji ya Azam ya Chamazi, mabingwa wa Ligi Kuu msimu wa 2013/14, ambayo kwenye daladala hupita bila mtu kugeuza shingo.