Barua kutoka Leicester kwenda Mbangala: Ukungu wa Ukutani

Ukungu wa ndani ya nyumba ni kuvu inayoota penye unyevu usiokauka: kona za dari, nyuma ya kabati, mpira wa dirisha, pembezoni mwa bafu. Huanza kwa vidoa vyeusi na harufu ya gunia lililonyeshewa. Mbangala, wilayani Songwe, tatizo hili halina umaarufu, maana upepo hupita kati ya ukuta na bati bila kupiga hodi. Nyumba za Leicester na kwingineko Uingereza huzibwa kila tundu ili joto lisitoroke, kwa kuwa joto hilo lina bili.

Maji hutoka wapi, ilhali paa halivuji? Mara nyingi hutoka kwa wenyeji wenyewe. Makande yakichemka kwa saa tatu, nguo zikaanikwa juu ya hita, watu wanne wakalala chumba kimoja na dirisha limefungwa, mvuke hutafuta ukuta wa baridi na kugeuka maji.

Eneo lisilozidi mita 1 ya mraba husafishwa na mwenyeji mwenyewe, akiwa na glavu, barakoa na miwani, dirisha wazi na mlango umefungwa. Ukungu mkavu haufagiliwi, kwani ufagio hurusha vijimbegu vyake hewani. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha kitambaa hufungwa ndani ya mfuko na kutupwa. Hakirudi jikoni, hata kikiwa bado kizuri. Vigae na kioo hustahimili jiki iliyozimuliwa. Kwenye plasta, jiki huondoa weusi tu na kuacha mizizi ndani. Wala haichanganywi na siki: hutoka gesi ya sumu. Imani kwamba dawa mbili huua haraka kuliko moja hapa ni ya kweli, ila anayekufa ni msafishaji.

Kupaka rangi juu ya ukungu, tiba ipendwayo na wapangishaji siku moja kabla ya mpangaji kuhamia, huishia kubabuka.

Ukuta ukishakauka hubaki kazi ngumu: kufungua dirisha mwezi wa Januari. Wageni kutoka nchi za joto huliona pendekezo hilo kama njama. Kufunika sufuria na kusogeza kabati mbali na ukuta wa nje hukubalika upesi zaidi.

Unyevu wa bomba linalovuja haumalizwi na kitambaa. Huo ni wajibu wa mwenye nyumba. Mjini Rochdale, Uingereza, Desemba 2020, Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2 wa familia iliyotoka Sudan, alifariki kwa maradhi ya upumuaji yaliyoletwa na ukungu wa fleti yao. Tangu Oktoba 2025 sheria yenye jina lake inawabana wenye nyumba za kijamii kushughulikia ukungu kwa muda maalumu. Wapangishaji binafsi wengi bado huanza kwa kumuuliza mpangaji anapika nini. Kwa hiyo picha za ukuta hupigwa mapema, zikiwa na tarehe, baada ya sufuria ya makande kuondolewa jikoni.