Vifaranga Wanaokula Bando

Mtu akishazoea vyumba vya Ulaya vyenye joto, huanza kuwahurumia ndugu zake kwa mambo ambayo wenyewe hawajayalalamikia. Mpwa wangu yuko Uingereza. Akasikia kwamba bibi yake, yaani mama yangu mzazi, anaamka usiku wa manane kule Kamachumu, wilayani Muleba, kwenda kutia mkaa kwenye banda la vifaranga. Roho ikamuuma. Mtu mwingine akiumwa roho hivyo hutuma hela ya mkaa. Yeye alituma thamostati isiyotumia waya.

Msiotujua huku kwetu, acheni kucheka. Najua Dar es Salaam wanaamini Tanzania nzima inatoka jasho. Bukoba mjini penyewe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua haituombi ruhusa. Ukishika njia ya Muleba, ukaiacha barabara kuu pale Muhutwe na kuanza kupanda kwenda Kamachumu, kila kona inakudai sweta. Binadamu hujifunika blanketi, mambo yakaisha. Kifaranga wa siku moja hana blanketi wala manyoya. Ana vinyoya tu vya kumpendezesha kwa mnunuzi. Wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unampunguzia nyuzi kama tatu kila wiki mpaka aote manyoya yake. Kuku mwenye watoto huifanya kazi hiyo kwa mabawa, bila malipo. Hawa wa kununua kwenye boksi wametotolewa na mashine, hivyo kazi ya kuwafunika imemwangukia mama yangu.

Na mama alikuwa na mfumo wake, tena uliokamilika. Kinengunengu chake ni duara la hadibodi, maranda chini, taa za joto zinaning'inia juu, na jiko la mkaa pembeni limezungushiwa wavu ili wasije wakajichoma wenyewe kabla ya Pasaka. Dirisha la juu liko wazi mchana na usiku, maana hewa ya mkaa haina rangi wala harufu, na huua kuku pamoja na mwenye kuku. Kidhibiti cha joto ni mama mwenyewe. Anasukuma mlango, anamulika tochi, anaangalia. Wakijirundika chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni huku midomo iko wazi wanatweta, wana joto. Wakijazana upande mmoja, kuna upepo unaingia mahali. Wakiwa wametawanyika, huyu anadonoa, yule kalala kifudifudi na mguu kaunyoosha nyuma, mama anafunga mlango na kurudi kulala. Betri pekee katika maelezo hayo ni ya tochi.

Sasa likaja boksi. Ndani yake mna kadude keupe ka kutundika ukutani, kanakopima joto. Mna kipokezi, ambacho hufungwa kwenye umeme wa chombo kinachopasha. Kadude kakiona baridi kanakitumia kipokezi mawimbi ya redio, nacho kinaunganisha umeme, joto likitosha kinaukata. Na mna kisanduku cha tatu cha kuviunganisha vyote na intaneti ili uvitazame kwenye simu. Kijitabu cha maelekezo kina lugha kibao. Kiswahili si mojawapo.

Nikamchukua fundi umeme kutoka Rwamishenye, tukapanda naye Kamachumu. Kijana mzuri, msomaji. Alisoma kijitabu chote akiwa amekaa juu ya ndoo, kisha akainua kichwa.

"Mzee, hapa wanasema nifunge kwenye boila. Boila iko wapi?"

Nikamwonyesha jiko la mkaa.

Akalitazama jiko. Akautazama waya mkononi mwake. Akalitazama jiko tena, nadhani akitafuta pa kuuchomeka.

"Mzee, hili si litayeyusha waya?"

Tukakubaliana kwamba thamostati itaamrisha taa, na jiko libaki chini ya mamlaka ya mama. Yaani nyumba moja, mifumo miwili, marais wawili. Kwenye karatasi inapendeza: baridi ikizidi taa zinawaka, mkaa ukikolea taa zinazimika zenyewe, na umeme tunauokoa. Tatizo ni kwamba boila ya gesi ukiiambia zima, inazima. Mkaa ukiuambia zima, unakutazama tu. Kwa hiyo kadude kanazima taa, jiko linaendelea kunguruma, joto linapanda, na simu yangu Bukoba inapiga yowe: JOTO LIMEZIDI.

Halafu taa zenyewe, jamani, zilikuwa zinafanya kazi mbili. Zinapasha na zinamulika. Zikizimwa ghafla, banda linakuwa giza, na kifaranga gizani ana fikra moja tu: kumpanda mwenzake. Wanalundikana pembeni, wa chini wanakosa hewa. Fundi akarudi kufunga balbu ndogo ya kuwaachia mwanga. Kumbe ili kuokoa umeme ilibidi tuongeze taa.

Nikadhani yameisha. Wapi! Kwanza, kadude hakapandi kupita nyuzi 30. Ndiyo mwisho wake. Aliyekatengeneza alikuwa anamfikiria Mzungu sebuleni na chai yake, na kweli Mzungu akifikishwa nyuzi 33 sebuleni ataita zimamoto. Fundi akatumia akili ya nyumbani: akakatundika ukutani mbali na taa, akaweka kipimajoto cha duka la pembejeo chini kwa vifaranga, akalinganisha. "Mzee, hiki kikisema 27, wewe jua chini ni 33." Ndivyo tunavyoishi sasa. Kifaa kinatupa namba, sisi tunakisahihisha.

Chini hakashuki kupita nyuzi tano, na hapo pana alama ya theluji: mabomba yasije yakaganda. Kamachumu! Kuna na ratiba kaliyokuja nayo kutoka kiwandani: asubuhi pasha, saa za kazi punguza, jioni pasha tena, usiku wa manane punguza maana watu wamejifunika. Vifaranga wa mama hawana ajira. Hawatoki asubuhi wakarudi jioni. Usiku wa manane, saa ambayo kadude kanataka kubana matumizi, ndiyo saa wanayotaka joto kuliko zote. Kuna hata kitufe cha likizo.

Lakini lililonikomesha ni hili la dirisha. Kadude kana akili ya kugundua kwamba dirisha limefunguliwa: joto likishuka ghafla, kenyewe kanaamua kuna mzembe ameacha dirisha wazi, na kanazima upashaji ili asipoteze nishati. Basi mama anafungua mlango kuingia na mkaa. Hewa ya Kamachumu inaingia naye. Kadude kanashtuka, kanazima taa, kanatoa taarifa kwa mpwa wangu Uingereza. Mama anaingia na mkaa kuleta joto, na kwa kosa hilo hilo la kuingia, joto linakatwa. Mpwa ananiandikia: "Anko, mwambie bibi afunge dirisha." Afunge dirisha na mkaa unawaka ndani? Huo upendo wa mjukuu utatuletea msiba.

Mpwa naye simu yake inaonyesha kila kitu. Ana mchoro wa mstari unaopanda na kushuka, na bibi yake amekuwa mfanyakazi wa zamu anayekaguliwa kutoka ng'ambo. "Anko, jana saa nane usiku ilishuka sana. Bibi alikuwa wapi?" Bibi alikuwa chooni, kijana.

Umeme ukikatika ndiyo kabisa. Kadude kana betri, kanaendelea kuona baridi vizuri tu na kutoa amri. Kipokezi kimekufa, hakuna wa kuisikia. Kisanduku cha intaneti tumekipa pawabanki na laini ya simu, na laini inataka bando. Ndiyo, vifaranga wana bando lao. Wanakula pumba, wanakula chanjo, na sasa wanakula gigabaiti. Bando likiisha simu yangu inaandika kwamba kifaa hakipatikani, na mpwa anaanza kuuliza kama kuna tetemeko. Tangu lile la Septemba 2016, watu wa Kagera walioko nje hawana utani na ukimya wa nyumbani.

Sasa sikiliza usiku wetu ulivyo. Simu inalia Bukoba: JOTO LIMESHUKA. Nami napiga Kamachumu.

"Mae, vifaranga wana baridi."

"Nani kakwambia?"

"Simu."

"Wewe uko kitandani Bukoba, unaniambia mimi niliyeshika koleo kwamba huku kuna baridi?"

"Weka mkaa, Mae."

"Nimeshaweka, waitu. Unasubiri kushika moto. Simu yako haijui mkaa unasubiriwa?"

Haijui. Mama huamka kabla ya kadude, kwa sababu yeye anasikia. Kifaranga mwenye baridi ana kilio chake, chembamba na cha juu, na mama anakisikia kupitia ukuta. Kadude kanasubiri hewa ya ukutani ipoe.

Nilikasirika mpaka nikasoma kifaa hiki kilikotoka. Mmoja wa watu wa kwanza kabisa kutengeneza chombo cha kujirekebisha joto alikuwa Mholanzi, Cornelis Drebbel, mwanzoni mwa karne ya 17 huko Uingereza. Na unajua alikitumia kwa nini? Kutotolesha mayai ya kuku. Kwa hiyo kazi hii ilianzia kwa vifaranga. Baadaye ikaenda sebuleni, ikapata ratiba ya ofisi na kitufe cha likizo, na leo imerudi kwa vifaranga ikijifanya haiwajui.

Mwingine ni Warren Johnson, profesa wa Wisconsin, Marekani, aliyepata hataza ya thamostati ya umeme ya chumbani mwaka 1883. Alichoshwa na mhudumu wa chuo aliyekuwa akiingia darasani katikati ya somo kusoma kipimajoto, kisha anashuka chini kurekebisha tanuru. Chombo chake kilipiga kengele huko chini, mhudumu akajua la kufanya bila kuingia darasani. Basi. Kengele na mtu. Zaidi ya miaka 140 imepita, na mimi nina kengele na mtu vilevile, isipokuwa kengele ya Johnson ilishuka ngazi tu. Yangu inatoka bandani Kamachumu, inapaa, inapita kwenye mashine fulani Ulaya, inashuka Bukoba, inaniamsha mimi, nami naipeleka tena Kamachumu kwa muda wangu wa maongezi, kwa mtu aliyesimama hatua chache kutoka kwenye kadude kenyewe. Halafu boksi limeandikwa kwamba haitumii waya. Inatumia. Waya ni mimi.

Na haya yanatokea wapi? Kagera! Ukienda Muleba unapita Kemondo, na pale Kemondo wanaakiolojia wamefukua matanuru ya chuma ya miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science jinsi wazee wa Kihaya walivyojenga tanuru upya na kuyeyusha chuma mbele yao: mkaa, majani ya kinamasi yaliyochomwa, mivuo, na mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuru hivi kwamba, kwa maelezo yao, hewa ilipata moto kabla ya kuufikia mkaa. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu hilo la hewa. Lakini hakuna aliyebisha kwamba chuma kilitoka, na hakuna aliyekuta kadude keupe ukutani. Mzee alitazama rangi ya moto, akasikiliza mvuo, akajua. Mama yangu anatazama vifaranga, anajua. Ujuzi wa namna hiyo hauingii kwenye mchoro wa mpwa wangu, ndiyo maana kwenye mchoro bibi anaonekana mtegaji.

Juzi simu ikanyamaza usiku kucha. Haikulia kushuka, haikulia kuzidi. Asubuhi nikapiga haraka.

"Mae, kifaa kimekufa?"

"Hakijafa. Betri nimetia kwenye redio."

"Redio!"

"Betri za mjukuu wangu zina nguvu. Hizi za dukani hapa hazimalizi hata wiki."

"Na vifaranga?"

"Wana nini? Wamelala. Na mimi leo nimelala, hakuna aliyenipigia. Kwani wewe hukulala?"

Nililala, tena fofofo. Aliyekesha ni mpwa. Ujumbe wake ulikuwa unanisubiri: "Anko, thamostati haipatikani! Bibi yuko salama?" Nimemjibu kwamba bibi yuko salama, vifaranga wako salama, na kama bado roho inamuuma atume betri nyingine. Ila atume za kutosha, kwa sababu tochi nayo imeanza kufifia.